Uzi: RetroPie inagoma kushusha programu? Soma kosa kabla hujafuta kadi

Pixel_Kirumba (mwanzisha mada)

Mwangaluka wakuu.

Uzi huu ni wa wenye mashine za magemu ya zamani zilizojengwa kwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na RetroPie (mfumo wa kuchezea magemu hayo), Mwanza hapa na majirani wote wa ziwa, Musoma, Bukoba, Ukerewe. Tatizo ni lile linalojirudia: mashine inawaka, magemu yaliyomo yanacheza, lakini ukitaka kuongeza emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu ya zamani) au kusasisha kitu, inagoma. Ushauri unaotolewa haraka ni "futa kadi, piga imeji upya". Huo ushauri, yaani kuandika upya nakala nzima ya mfumo (imeji) kwenye kadi, unakula bando na mara nyingi hautibu chochote.

Sababu ni hii. Imeji rasmi ya RetroPie 4.8 ilitoka Machi 2022 na imejengwa juu ya Buster, yaani toleo la 10 la mfumo endeshi wa Debian, la mwaka 2019. Matunzo ya Buster yaliisha Juni 2024, na repo yake (ghala la programu) upande wa Raspbian (Debian ya Raspberry Pi) ikahamishiwa kwenye seva ya matoleo ya zamani. Imeji bado inabeba anwani ya mwanzo. Ukiifuta kadi na kupiga imeji ileile, umeirudisha anwani iliyokufa pamoja nayo, na kosa litarudi neno kwa neno.

Kwa hiyo kwanza soma mashine inasema nini. Ukiwa kwenye EmulationStation (menyu ya magemu) bonyeza F4 kwenye kibodi uingie kwenye terminali, kisha andika amri hizi tatu kabla ya kugusa kitu kingine:

date
vcgencmd get_throttled
df -h /

Ya kwanza inaonyesha saa ya mashine. Ya pili inasema kama umeme unaoingia unatosha. Ya tatu inaonyesha nafasi iliyobaki kwenye kadi. Tarehe ikiwa ya nyuma, au namba ya pili ikiwa tofauti na 0x0, au kadi ikiwa imejaa 100%, tibu hapo kwanza. Usiende kwenye mtandao bado.

Zikiwa safi zote tatu, ndipo fungua:

sudo apt-get update

Ukiona "does no longer have a Release file" au 404 kwenye mstari wenye raspbian.raspberrypi.org, ni ile anwani ya zamani. Tiba:

sudo cp /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.nakala
sudo sed -i 's/raspbian.raspberrypi.org/legacy.raspbian.org/' /etc/apt/sources.list
sudo apt-get update --allow-releaseinfo-change

Hicho kipande cha mwisho ni cha lazima mara ya kwanza. Buster ilibadilishwa jina la daraja lake kutoka "stable" kwenda "oldstable", na apt-get hukataa kuendelea mpaka umeikubalia mabadiliko hayo. Skripti ya RetroPie-Setup yenyewe inatumia apt-get, ndiyo maana ukiingia kwa menyu unaona tu imeshindwa bila kuulizwa chochote.

Faili la pili, /etc/apt/sources.list.d/raspi.list, liache lilivyo. Na tafadhali msibadilishe neno buster kuwa bookworm (Debian 12) humo ndani kwa matumaini ya kupata vitu vipya. Utachanganya maktaba za matoleo mawili, na emuleta zilizotengenezwa kwa ajili ya Buster zitaacha kufunguka. Hapo kweli utalazimika kufuta kadi.

---

Igoma_Joystick

Mkuu nimefuata yote, tarehe ipo sawa, 0x0, kadi ina GB 9 wazi. Kosa langu ni lingine kabisa:

Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT' (does the network require authentication?)

Natumia hotspoti ya simu. Kwenye simu WhatsApp inaingia vizuri.

---

Pixel_Kirumba

Bando limeisha mkuu, au umebaki na kifurushi cha mitandao ya kijamii peke yake. Ndiyo maana WhatsApp inaingia.

Kinachotokea ni kwamba apt (programu inayoshusha vifurushi) inaomba faili la repo kwa http ya kawaida. Mtandao wa simu, ukikuta huna MB za intaneti, unarudisha ukurasa wa "nunua kifurushi" badala ya faili. Apt inalifungua, inategemea kukuta sahihi ya kidijitali, inakuta ukurasa wa wavuti. NOSPLIT maana yake ni hiyo. Wi-Fi za hoteli na ofisi zenye ukurasa wa kuingiza nenosiri hutoa kosa hilohilo.

Hakikisha hivi:

curl -sI http://legacy.raspbian.org/raspbian/ | head -n 5

Ukiona "302" na anwani usiyoijua kwenye mstari wa Location, umepelekwa kwingine. Nunua bando la intaneti kamili, halafu ufute mabaki ya orodha mbovu:

sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt-get update

Andaa MB za kutosha, maana orodha kuu ya Raspbian peke yake ni kama MB 13.

Ukurasa wa aina hiyo pia hujificha ndani ya faili ulilolishusha kwa mkono. Ukipata imeji ya KB chache, usijaribu kuifungua. Andika `file jina.img.gz`. Ikijibu "HTML document", ni tangazo la bando uliloshusha.

---

Nyegezi_DS3231

Niongezee kwenye saa, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Raspberry Pi kuanzia ya kwanza mpaka Pi 4 hazina saa yenye betri. Zinapozimwa, programu ya fake-hwclock inaandika muda wa mwisho kwenye kadi, na zikiwashwa zinaanzia hapohapo. Mashine iliyokaa kabatini miezi mitatu inaamini miezi mitatu haijapita. Ikipata mtandao hurekebisha saa kwa NTP (huduma ya saa ya mtandaoni), lakini NTP hupita kwenye UDP mlango 123, na mitandao kadhaa ya ofisi, vyuo na hosteli huufunga mlango huo huku wavuti ukipita. Matokeo yake una intaneti lakini una tarehe ya jana.

Dalili zake ni mbili. Kwa apt: "Release file is not valid yet". Kwa git na wget: "certificate is not yet valid" au "server certificate verification failed". Vyeti vya https vina tarehe ya kuanza, na mashine ikiwa nyuma ya tarehe hiyo inavikataa. Msizime ukaguzi wa cheti kwa `--no-check-certificate` au `http.sslVerify false`. Mnafungua mlango kwa yeyote aliye katikati ya mtandao awape faili analotaka, na tatizo la saa linabaki palepale.

Anza na eneo la saa, kwa sababu imeji inakuja na saa za London:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
timedatectl

Kama mstari wa "System clock synchronized" unasema no, weka kwa mkono:

sudo date -s "2025-11-03 20:15"

Hapo ni saa mbili na robo usiku. Andika saa za kizungu za 24, ukiandika 02:15 umerudi alfajiri.

Kwenye mtandao uliofunga mlango 123, chukua muda kutoka kwenye majibu ya seva yoyote ya http:

sudo date -s "$(curl -sI http://deb.debian.org | grep -i '^date:' | cut -d' ' -f2- | tr -d '\r')"

Kile kipande cha tr kipo kwa sababu mstari wa http unaishia na herufi isiyoonekana, na date huikataa.

Dawa ya kudumu ni moduli ya saa ya DS3231 yenye betri. Inahitaji pini 1 (3.3V), pini 3 (SDA), pini 5 (SCL) na ardhi, mfano pini 9. Usiichomeke kwenye 5V: vikinza vyake vya SDA na SCL vinavuta kuelekea voteji uliyoipa, na pini za Pi hazivumilii 5V. Kwenye /boot/config.txt ongeza:

dtparam=i2c_arm=on
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Washa upya, ondoa fake-hwclock (`sudo apt-get remove fake-hwclock`), na kwenye /lib/udev/hwclock-set weka alama ya # mbele ya ile mistari mitatu inayoanza na `if [ -e /run/systemd/system ]`. Saa ikishakuwa sahihi, `sudo hwclock -w`. Kama vitufe vya gemu umevichomeka moja kwa moja kwenye pini 3 na 5, vihamishe kwanza.

---

Mabatini_Retro

Kwangu get_throttled inatoa 0x50005. Chaja ni ya simu, imeandikwa "fast charge" wati 18. Pi 4. Kushusha kunaanza vizuri, kikifika katikati Wi-Fi inakatika.

---

Nyegezi_DS3231

Hiyo 5 ya mwisho inasema umeme ni mdogo SASA HIVI na prosesa imepunguzwa kasi. 5 ya mbele inasema iliwahi kutokea tangu uwashe. Ukiona 0x50000, kwa wakati huo umeme uko sawa ila ulishawahi kushuka.

Wati 18 za chaja ile zinapatikana kwa 9V, tena baada ya simu na chaja kukubaliana. Pi haizungumzi lugha hiyo. Inapewa 5V, na kwa 5V chaja nyingi za aina hiyo hutoa ampea 2 mpaka 3. Pi 4 inataka 5.1V ampea 3; Pi 3 inataka 5.1V ampea 2.5.

Na waya una kesi yake. Waya mwembamba wenye ukinzani wa ohm 0.25 kwenda na kurudi, ukipitisha ampea 2, unapoteza voti 0.5. Kutoka 5.0 unafika 4.5, na Pi inalalamika ikishuka chini ya 4.63. Tumia waya mfupi na mnene, au adapta ambayo waya wake haung'oki. Chipu ya Wi-Fi ni kati ya vitu vya kwanza kuyumba, ndiyo maana inaonekana kama tatizo la mtandao.

Halafu ondoa vinavyokula umeme wakati unashusha: pedi zenye taa, diski ya USB, feni. Diski ya USB 3 iliyo karibu na bodi huleta pia kelele kwenye 2.4 GHz, kwa hiyo kuichomoa kunasaidia mara mbili.

---

Capri_8bit

Wengine tunatumia simu kwa waya wa USB badala ya hotspoti, inatulia zaidi. Washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu, Pi inaona `usb0` ukiandika `ip a`, hauhitaji kuweka kitu kingine.

Ila kuna mtego unaoungana na alichosema mkuu hapo juu: simu itaanza kuchaji kutoka kwenye Pi. Milango yote ya USB ya Pi 4 kwa pamoja inatoa ampea 1.2, na simu yenye betri tupu inavuta sehemu kubwa ya hiyo. Ichaji simu ijae kwanza, ndiyo uichomeke.

Faida ya waya kwa huku kwetu ni kwamba simu unaweza kuiweka dirishani. Nyumba za kilimani zenye majabali nyuma yake zina upande mmoja tu unaoshika mnara vizuri, na televisheni mara chache iko upande huo.

Wenye Pi 3B, Zero W na Zero 2 W, kumbukeni zinashika 2.4 GHz peke yake. Hotspoti ikiwa kwenye 5 GHz hamtaiona kabisa kwenye orodha. Na kwa Pi 3B+ na Pi 4, nchi isipowekwa Wi-Fi inabaki imefungwa: `sudo raspi-config`, Localisation Options, WLAN Country, chagua TZ.

---

Igoma_Joystick

Mkuu Pixel, bando limewekwa, NOSPLIT imeondoka. Sasa apt inapita, ila nikisasisha skripti ya RetroPie-Setup:

error: object file .git/objects/… is empty
fatal: loose object … is corrupt

---

Pixel_Kirumba

Hilo ni kovu la umeme kukatika, au mashine kuzimwa kwa kuchomoa waya, wakati git inaandika. Faili liliundwa, data haikufika kwenye kadi. Folda hiyo ni ya skripti tu, haina magemu yako. ROM (mafaili ya magemu) ziko ~/RetroPie/roms na mipangilio iko /opt/retropie/configs. Kwa hiyo iweke pembeni bila wasiwasi:

cd ~
mv RetroPie-Setup RetroPie-Setup.zamani
git clone --depth=1 https://github.com/RetroPie/RetroPie-Setup.git

`--depth=1` msiiache. Inachukua hali ya sasa pekee bila historia ya miaka yote. Git ikikatika njiani haiendelezi ilipoishia, inaanza upya, kwa hiyo kwenye mtandao unaoyumba kila MB unayoipunguza inakuongezea nafasi ya kumaliza. Makosa ya "early EOF" na "RPC failed" ni ya kukatika huko.

Kisha kagua kadi yenyewe kama imebaki na majeraha. Fungua /boot/cmdline.txt, mwishoni mwa mstari uleule (usianze mstari mpya) ongeza:

fsck.mode=force fsck.repair=yes

Washa upya, halafu uyaondoe maneno hayo. Baadaye angalia `dmesg | grep -iE 'mmc|ext4'`. Mistari ya "EXT4-fs error" ikiendelea kuzaliwa, hamisha ROM leo leo, kadi inakufa.

Ukiingia kwenye menyu ya Manage Packages chagua kusakinisha kutoka "binary", siyo "source". Source inashusha msimbo wote wa emuleta na kuujenga kwenye Pi yako. Kwa MAME ni saa nyingi za kazi, na umeme ukikatika unaanza moja.

---

Ukerewe_Arcade

Wakuu huku Nansio mtandao mchana haubebi kitu. Nina rafiki Mwanza mjini mwenye Pi 4 kama yangu, imeji ileile ya 4.8. Naweza kuchukua emuleta kwake kwa flashi?

---

Capri_8bit

Inawezekana, alimradi modeli ya Pi na toleo la imeji vinafanana, kama ulivyosema. Emuleta nyingi za libretro (zile zenye jina linaloanza na lr-) ni folda moja. Mfano lr-fceumm ya NES:

Kwake:
tar -czf fceumm.tar.gz -C /opt/retropie/libretrocores lr-fceumm

Kwako, flashi ikiwa imefunguliwa kwenye /mnt (`sudo mount /dev/sda1 /mnt`):
sudo tar -xzf /mnt/fceumm.tar.gz -C /opt/retropie/libretrocores
sudo ~/RetroPie-Setup/retropie_packages.sh lr-fceumm configure

Hiyo "configure" ndiyo inayoiandikisha kwenye mfumo. Bila hiyo folda ipo lakini EmulationStation haiijui. Ipakie kwa tar kama nilivyoonyesha, usinakili folda yenyewe kwenda kwenye flashi ya FAT32, utapoteza ruhusa za mafaili. Na FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, kwa imeji kubwa fomati flashi kwa exFAT.

Kwa vifurushi vya mfumo tengeneza orodha ya anwani huko kwako (sharti apt-get update iwe imepita angalau mara moja):

sudo apt-get -y --print-uris install jina-la-kifurushi | grep -o "http[^']*" > orodha.txt

Rafiki yako anashusha kwa `wget -c -i orodha.txt`, anakurudishia mafaili ya .deb kwenye flashi, unaweka kwa `sudo dpkg -i *.deb`.

---

Mabatini_Retro

Nimebadili adapta na waya, sasa 0x0. Apt safi. Ila wget kwenda files.retropie.org.uk inasimama kwenye "connected" au "awaiting response" na haisogei. Ping inakwenda vizuri.

---

Nyegezi_DS3231

Ping ndogo inapita, paketi kubwa hazipiti. Jaribu:

ping -c 3 -M do -s 1472 8.8.8.8

Ikikataa au ikinyamaza, shusha namba mpaka ipite: 1440, 1400, 1372. Namba iliyopita ongeza 28, hiyo ndiyo MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya njia yako. Kwa mfano 1372 inakupa 1400:

sudo ip link set wlan0 mtu 1400

Inarudi kawaida ukiwasha upya, kwa hiyo haiharibu kitu. Ikiwa 1472 inapita bila shida, shuku IPv6 isiyofika popote na ulazimishe IPv4: `wget -4`, na kwa apt `-o Acquire::ForceIPv4=true`.

---

Mabatini_Retro

1472 na 1440 zilikataa, 1400 ikapita. Nimeweka 1428, inashuka. Shukrani sana mkuu.

---

Kitangiri_CRT

Kuna jambo halijaguswa. "Hash Sum mismatch" inayorudi hata baada ya kufuta lists. Kwanza ipitishe bila kache ya njiani:

sudo apt-get -o Acquire::http::No-Cache=True -o Acquire::http::Pipeline-Depth=0 update

Ikirudi tena, na `sha256sum` ya faili moja inatoa jibu tofauti kila ukiisoma, acha kulaumu mtandao. Pima kadi. Kadi za bandia zinajitangaza GB 64 wakati ndani ni 8: za mwanzo zinaandikika, zinazofuata zinapotea kimya. Itoe, iweke kwenye kompyuta yenye Linux, nakili kilichomo, kisha `f3write` na `f3read` kwenye kadi tupu. Kwenye Windows ni h2testw. Linganisha pia imeji na MD5 iliyoandikwa kwenye ukurasa wa RetroPie kabla ya kuipiga: `certutil -hashfile jina.img.gz MD5` kwa Windows, `md5sum` kwa Linux. Na shusheni kwa `wget -c`, ikikatika unairudia amri ileile na inaendelea ilipoishia.

---

Pixel_Kirumba

Ahsante Kitangiri, hilo lilihitajika.

Wenye Pi 5: imeji ya 4.8 ni ya kabla yake, haitawaka humo. Mnaanza na Raspberry Pi OS Lite, mnaweka git, kisha mnachukua RetroPie-Setup kwa ile `git clone` ya juu. Ile sed ya legacy msiitumie huko, ni ya Buster tu. Tangu Aprili 2022 mfumo huo hauji na mtumiaji "pi", kwa hiyo popote palipoandikwa /home/pi wekeni jina lenu. Kwenye Bookworm config.txt imehamia /boot/firmware/, na mtandao unaendeshwa na NetworkManager, siyo dhcpcd. Pi 5 ina saa yake ndani, inahitaji betri tu kwenye soketi ndogo iliyoandikwa BAT.

Anayeleta swali jipya aweke matokeo ya zile amri tatu, modeli ya Pi, na kosa zima kama lilivyo, lisikatwe mwanzo. Mstari wa kwanza wenye "Err" ndio tunaoutaka.